Bahasha ya Mhazini

Swali lenyewe lilikuwa la maneno sita tu: "Mdogo ulimlipa kwa fedha ya nani?" Mhazini hakujibu. Alinitazama kidogo, akasema siku ilikuwa ndefu na amechoka, kisha akanisindikiza hadi mlangoni kwa adabu ambayo hakuwahi kunionyesha tangu tujuane. Sisi tulikuwa watu wa kutaniana hadi majirani wanagonga ukuta. Adabu ile ilinitisha kuliko kama angenitukana.

Ilikuwa Desemba 2008.

Tulikuwa watatu, na nawaita kwa majina tuliyoitana wenyewe. Mhazini alilipata lake shuleni, kwa sababu ndiye peke yake darasani ambaye ungempa fedha ya safari Jumatatu ukaikuta nzima Ijumaa. Mdogo tulimzidi kwa miaka minne, naye alikuwa akimwita Mhazini kaka. Katikati ya mwaka 2007 tulichanga akiba zetu, sawa kwa sawa, tukanunua vipande vya mfuko unaofuata S&P 500, ile fahirisi ya hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani. Wazo lilikuwa la Mhazini, nalo lilikuwa zuri. Hata leo siwezi kulikosoa. Gharama zake ndogo, hakuna mjanja wa kuchagua hisa, unanunua na kutulia.

Akaunti kwa dalali ilifunguliwa kwa jina lake. Ya watu watatu ilidai fomu nyingi, sahihi nyingi, na sisi tulikuwa tunajuana. Hakuna aliyesema kwa sauti maana yake: kwamba mbele ya sheria mali yote ile ilikuwa ya mtu mmoja. Angefariki, warithi wake wangeikuta ni yake. Angedaiwa, mdai wake angeikamata, na mimi na Mdogo tungebaki na hadithi ya kumweleza hakimu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wahenga. Sisi daftari tulikuwa nalo, jekundu, la mistari. Ndani yake iliandikwa nani kaweka kiasi gani na tarehe ngapi. Haikuandikwa popote kwamba mtu akitaka kutoka anatokaje, fungu lake linahesabiwa kwa bei ya siku gani, na hasara inamwangukia nani. Ningependa kusema tulisahau. Ukweli ni kwamba nililikumbuka jambo hilo siku ileile ya kwanza, maneno yakanifika mdomoni, nikayameza. Niliona nikiuliza itakuwa kama namwambia rafiki yangu usoni kwamba namshuku.

Tarehe 9 Oktoba 2007 fahirisi ilifunga kwenye 1,565, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia kabla. Mhazini alitupigia simu kila mmoja. Baada ya hapo simu zikapungua, na sisi hatukudadisi sana.

Juni 2008 mzazi wa Mdogo aliugua, akahitaji upasuaji. Siku hizo bei ilikuwa kama asilimia 15 chini ya pale tulipoingilia. Mdogo alikwenda kwa Mhazini kuomba fungu lake lolote litakalopatikana, akarudi na fedha yake yote. Yote, bila kupungua hata kidogo. Alinieleza huku machozi yakimlengalenga, nami nikamwambia tumshukuru Mungu kwa rafiki kama yule. Lakini usiku nilipolala nikaanza kupiga hesabu. Fungu limeshuka asilimia 15, mtu analipwa mia kwa mia. Hiyo nyongeza imetoka wapi? Kama imetoka kwenye chungu, basi imetoka kwangu.

Sikuuliza. Mgonjwa yuko kitandani, wewe unauliza asilimia? Nikanyamaza, na hesabu ile nayo ikatulia kichwani kama mgeni asiyeaga.

Septemba 15 benki ya Lehman Brothers iliomba kinga ya mufilisi. Wiki moja tu ya Oktoba ilikula asilimia 18 ya fahirisi. Mhazini alikuwa akituma ujumbe mfupi uleule: "Tulieni." Yeye alikuwa na haki ya kutulia, fedha ile aliihesabu kuwa ya uzeeni. Yangu niliihitaji ndani ya miaka mitano. Ya Mdogo, kama ilivyotokea, ilihitajika ndani ya mwaka mmoja. Chungu kimoja, na kila mmoja na saa yake. Hilo nalo hatukuwahi kuulizana.

Kisha Desemba 11 akakamatwa huko New York Bernard Madoff, mtu aliyekuwa akiwawekezea watu fedha zao. Nilisoma habari zake hadi macho yakauma. Kilichonichoma hakikuwa ukubwa wa fedha. Ni kwamba wengi walioibiwa walikuwa watu wake wa karibu: marafiki wa miaka mingi, watu wa klabu moja, watu walioona heri kukubaliwa kuingia. Walipelekewa taarifa zilizochapwa vizuri, zenye hisa ambazo hazikuwahi kununuliwa. Na aliyetaka kutoka alilipwa fedha yake yote, iliyotoka mfukoni mwa mwenzake. Mtindo huo ndio uliobeba jina la Charles Ponzi tangu 1920, alipowaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45.

Aliyetaka kutoka alilipwa yote. Nilipofika hapo niliweka gazeti chini, nikavaa viatu, nikaenda kwa Mhazini.

Baada ya jioni ile tulizungumza kupitia kwa Mdogo, aliyekuwa hajui tunagombania nini na tulikubaliana, bila kukubaliana, kwamba asijue. Mwishoni mwa Februari 2009 niliandika ujumbe: uza fungu langu. Mhazini alijibu mara moja, jibu refu kuliko yote ya miezi ile: "Ngoja, bwana. Kilichoshuka ni bei. Idadi ya vipande vyako haijapungua." Nikalisoma kama maneno ya mtu anayevuta muda. Nikaandika: uza.

Aliuza wiki ya kwanza ya Machi. Nilipata takriban nusu ya nilichoweka. Tarehe 9 Machi fahirisi ilifunga kwenye 676, chini kabisa ya anguko lote lile, na kuanzia siku iliyofuata ikaanza kupanda. Niliuza sakafuni, kwa mkono wangu, nikimkimbia mwizi ambaye hakuwepo.

Bahasha aliileta Mdogo. Ndani yake mlikuwa na taarifa zote za dalali tangu siku ya kwanza, ukurasa kwa ukurasa. Niliketi sakafuni nikazipanga kwa tarehe. Kila kipande kilikuwepo. Juni 2008 hakukuwa na mauzo yoyote. Hakuna kilichouzwa mwezi mzima. Pembeni mwa ukurasa ule, kwa mwandiko wa daftari jekundu, aliandika: "Vya Mdogo nimevichukua mimi, kwa bei aliyoingilia. Mshahara wangu." Hasara ya Mdogo aliibeba peke yake, hakumwambia Mdogo wala mimi, maana aliona kusema ni kumdai mgonjwa shukrani.

Kwa hiyo tulikuwa wawili tulionyamaza kwa heshima.

Nilikwenda kuomba radhi. Alinipokea, akanikaribisha kiti, akasema yamekwisha. Nikamwambia nataka kuchangia nusu ya ile aliyombebea Mdogo. Akatikisa kichwa. "Ungeniuliza Juni," alisema, "ningekujibu Juni." Nami najua hilo ni nusu ya ukweli tu, kwa sababu na yeye angeweza kusema Juni. Sikumwambia. Mdogo bado anamwita kaka, na sijui kama amewahi kuambiwa.

Tarehe 28 Machi 2013 fahirisi ilifunga juu ya kile kiwango cha Oktoba 2007. Miaka mitano na nusu. Nilimwandikia Mhazini namba ile peke yake, 1,569, bila salamu, kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani.

Jibu lilikuja kesho yake, jioni: "Nimeona."