Moli tatu za asidi

Binti yangu kafungua kichupa cha kutolea rangi ya kucha, ile isiyo na asetoni, na sebule nzima ikanuka esta, kile ambacho asidi na alkoholi huzaa pamoja na maji. Nikarudi Kidato cha Sita pale pale.

Moli (kipimo cha kemia cha wingi wa kitu) 1 ya asidi ethanoiki, moli 1 ya ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi, asidi haidrokloriki kidogo kama kichocheo, kizibo, kabatini wiki nzima. Mmenyuko huu ni goigoi, ukikosa subira utapima kitu kisichotulia. Kisha titresheni, kupima asidi kwa kudondosha alkali kutoka kwenye bureti mpaka rangi igeuke waridi: toa sehemu ya kichocheo, inayobaki ni asidi ethanoiki.

Mwalimu alipenda jedwali lake: mwanzo, badiliko, msawazo, yaani mchanganyiko ukishatulia; x ni moli zilizogeuka. Asidi 1−x, ethanoli 1−x, esta x, maji x. Kc, kipimo cha msawazo, ni esta mara maji, kugawa kwa asidi mara ethanoli. Maji yanahesabiwa, maana hapa si kiyeyusho. Ujazo unajifuta kwa kuwa kila upande una moli 2. Kwenye mmenyuko wa kutengeneza amonia moli hazilingani, haujifuti, na huko ndiko wengi huumia. Kc ni 4, ukitoa kipeuo x/(1−x) = 2, x = 0.667. Rahisi.

Akaongeza ethanoli ikawa moli 2. Hapo kipeuo hakikuokoi tena: 3x² − 12x + 8 = 0. Majibu mawili, 0.845 na 3.15. Mwenzetu mmoja ubaoni akaizungushia duara 3.15, tena mara mbili. Mwalimu akashusha chupa ya asidi kutoka rafuni, akamwekea mkononi.

"Umetia moli ngapi?"

"Moja, mwalimu."

"Zimetumika ngapi?"

Akatazama duara lake. "Tatu na ushee."

"Hizo mbili umemkopa nani?"

Tulicheka mpaka darasa la jirani likanyamaza. Yeye hakucheka. "Lakini hesabu imezitoa yenyewe, mwalimu." Mwalimu akafuta ubao bila kumjibu, na mpaka leo sina hakika kama alikuwa na jibu.

Tukarudishia 0.845: 0.714 kugawa kwa 0.179, karibu 4 kamili. Chupa yetu ya kabatini ndiyo iliyogoma, ikatoa Kc chini ya 4. Mwalimu alilaumu bureti: ukiingoja sana rangi ya waridi, alkali inaanza kula esta, asidi inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Huenda. Mimi nashuku zaidi yale maji yaliyokuja na kichocheo, ambayo kwenye jedwali hayakuwa na mstari.