Karani wa benki aliyetuachia tuni

Alhamisi kwenye mazoezi niliandika solfa, yaani noti kwa herufi, ubaoni: m r d d l l. Sikusema ni wimbo gani. Sijashusha chaki, mama mmoja wa alto alishaanza taratibu, "Karibu na wewe, Mungu wangu", na besi wakaingia chini yake. Ndio wimbo tuliomsindikiza nao shangazi yangu kaburini. Mpaka leo nikiupiga kinanda koo linanikaba.

Tuni hiyo ni ya Lowell Mason, Mmarekani aliyezaliwa Medfield, Massachusetts, mwaka 1792. Alisimulia mwenyewe kwamba usiku mmoja wa 1856 alikuwa macho gizani, nyumba nzima kimya, sauti ya wimbo ikamjia. Asubuhi akaiandika. Alikuwa na miaka 64.

Ujanani alikuwa karani wa benki mjini Savannah, Georgia, na mpiga kinanda kanisani. Kitabu chake cha kwanza cha tuni kilitoka Boston mwaka 1822 bila jina lake, kwa sababu mtu wa benki hakutaka ajulikane kama mwanamuziki. Nampenda sana kwa hilo, maana wanakwaya wangu nao ni mafundi cherehani na wauza ndizi.

Huko Savannah mama mmoja alimletea shairi akamwomba alitilie sauti. Ndipo ikazaliwa tuni inayoitwa Missionary Hymn, na ni nzuri, inapanda bila kumchosha mwimbaji. Shairi lilikuwa la Reginald Heber, padri Mwingereza, aliyeliandika mjini Wrexham, Wales, mwaka 1819 kwa ajili ya ibada ya kuchangia misheni.

Maneno yake yananiumiza. Ubeti wa kwanza unaitaja Afrika na chemchemi zake zenye jua, zinazoteremsha mchanga wa dhahabu. Wa pili unasema mpagani, katika upofu wake, anasujudia mti na jiwe.

Babu yangu alibatizwa akiwa mtu mzima. Mama yake hakubatizwa kamwe. Babu alitusimulia jinsi mama yake huyo alivyoamka alfajiri, akasimama nje ya nyumba akielekea Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akawaombea watoto wake kwa Ruwa, Mungu wa Wachaga, mmoja mmoja kwa jina. Yule mama hakuwa kipofu.

Alhamisi ijayo nitaiandika ubaoni tuni ya Savannah, sauti zote nne. Tutaiimba kwa solfa tu, mpaka tupate maneno ninayoweza kuyaimba mbele ya mama yake babu.