Nyasi chini ya mwembe

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaopanda ukoka chini ya mwembe au mkorosho: acheni. Ukoka unataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kila siku. Ukilikosa unarefuka, unapauka, kisha mchanga unabaki wazi. Mbolea haiuokoi.

Hesabu kwanza saa za jua. Zikiwa 4 au 5, tafuta ile nyasi ya majani mapana inayotambaa, Stenotaphrum secundatum. Mwonyeshe muuza miche jina hilo kwenye simu, maana kila kitalu kinaiita kivyake. Zikiwa chini ya 4, weka kokoto tu, usipoteze hela.

Panda mvua za Desemba zikishakolea. Punguza matawi ya chini, tifua sm 10 bila kukata mizizi minene, changanya ndoo moja ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba, kwa kuwa mchanga wetu haushiki maji. Chukua vipande vya nyasi hiyo vyenye vifundo 3 (pale panapotoka mizizi na majani), fukia viwili, ncha yenye majani ibaki nje; sm 20 kati ya kipande na kipande. Kanyagia, mwagilia.

Wengi huiua baada ya kushika: wanaifyeka hadi chini kama uwanja wa mpira. Kivulini acha sm 8, jani ndilo linalokamata mwanga mchache uliopo. Mwagilia asubuhi; maji ya jioni hulala kwenye majani na kuleta ukungu. Na majani ya mwembe yafagiwe, yakirundikana yanaifunika nyasi ikaoza.