Usiku mmoja kando ya baharia aliyeungua

Mimi ni muuguzi wa jeshi niliyebobea katika huduma ya wagonjwa mahututi, na kila nivukapo feri ya Likoni kwenda zamu Mtongwe, kambi ya wanamaji Mombasa, humkumbuka baharia kijana aliyeunguzwa na mvuke katika chumba cha injini. Alikuwa na kilo 70, ameungua asilimia 20 ya mwili. Tukahesabu mililita 4 kwa kila kilo na kila asilimia, yaani lita 5.6 za dripu, nusu yake iingie ndani ya saa 8 tangu alipoungua, si tangu alipotufikia (hapo ndipo wengi hukosea). Kila saa nilipima mkojo wake, nijue kama dripu inatosha. Adhana ya alfajiri ilipoanza alifumbua macho, akaniita “dada” badala ya “afande”, nami nikaitika.