Maswali 9 ya kumuuliza mzazi wa mtoto mwenye wasiwasi

Mtoto wa miaka 8 anauliza kila usiku, tena na tena, kama mlango umefungwa. Kila akiuliza, mama anamjibu: "Umefungwa, mwanangu." Akipelekwa kliniki, maswali karibu yote yatahusu hofu yake: imeanza lini, inamzuia nini. Yale majibu ya mama hayaandikwi popote, ilhali ndiyo yanayoilisha hofu hiyo. Mtoto anatulia dakika mbili, kisha anahitaji jibu jingine.

FASA (Family Accommodation Scale–Anxiety), fomu ya maswali kwa wazazi, ndicho kipimo cha kuyaandika. Kilitolewa mwaka 2013 na Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kikijengwa juu ya kipimo cha miaka ya 1990 kilichotungwa kwa familia za wagonjwa wa OCD, yaani ugonjwa wa mawazo na vitendo vinavyojirudiarudia bila kuzuilika. Kinachopimwa tunaweza kukiita kuulea wasiwasi: yote ambayo wazazi huyafanya, au huacha kuyafanya, ili mtoto asiingiwe na hofu.

Fomu ina maswali 13, lakini jumla hutokana na 9 ya kwanza. Matano ni ya kushiriki: je, umemhakikishia mtoto ili atulie, umempa vitu anavyovitaka kwa sababu ya hofu, umefuatana naye katika mambo ambayo hofu inamtuma ayafanye, umemsaidia kukwepa kinachomtisha, au wewe mwenyewe umeacha kwenda mahali au kuonana na watu kwa ajili hiyo? Manne ni ya kubadilisha maisha: ratiba ya nyumbani, saa za kazi, mapumziko, na shughuli za mtoto ambazo sasa unazifanya wewe. Alama hufuata idadi ya mara katika mwezi uliopita: 0 kama haijatokea, 1 kwa mara 1 hadi 3 mwezini, 2 kwa mara 1 au 2 kwa wiki, 3 kwa mara 3 hadi 6 kwa wiki, 4 kwa kila siku. Juu kabisa ni 36. Swali la 10 linauliza mzigo huu unamtaabisha mzazi kiasi gani. La 11 hadi 13, mtoto anakuwaje akinyimwa msaada huo: anataabika, anakasirika, wasiwasi unazidi? Haya manne usiyachanganye kwenye jumla. Wala jumla yenyewe haimpi mtoto jina la ugonjwa.

Makosa mengi hutokea wakati wa kuuliza. Ukimwuliza mzazi kijumla, atasema "mara chache tu," kwa kuwa kilichokuwa desturi hakionekani tena. Ipitie siku pamoja naye: kuamka, kuoga, kwenda shule, chakula, kulala. Aibu nayo hupunguza alama. Mzazi aliyekwishaambiwa na ndugu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye hatakueleza ukweli wote. Mwambie mapema kwamba karibu kila mzazi mwenye huruma hufanya hivi, na umaanishe.

Kulala ni mtego mwingine. Nyumba ambayo watoto wote hulala chumba kimoja na mama haijaulea wasiwasi wowote. Uliza: "Kama asingekuwa na hofu, bado mngelala hivi?" Akisema ndiyo, usihesabu. Na anayemsindikiza mtoto chooni usiku huenda akawa bibi au dada wa kazi, huku mama akijaza 0 kwa haki kabisa. Kila mlezi ajibu fomu yake. Usitafute wastani, kwa maana tofauti kati yao ndiyo habari unayoitaka. Mtoto naye ana fomu yake, iliyotoka 2015, inayomuuliza pia anauonaje msaada huo.

Angalia tarehe pia. Mtoto anayeogopa shule, akipimwa mwisho wa likizo, atatoa alama ndogo isiyo na maana.

Alama zikishapatikana, chagua jambo moja lenye 4 ambalo mzazi analimudu mwenyewe. Katika tiba ya SPACE, iliyotoka Yale vilevile, wazazi peke yao huhudhuria vikao vya kila wiki kwa wiki 12. Utafiti wa 2020 wenye watoto 124 ulionyesha haikuzidiwa na tiba ya mazungumzo anayopewa mtoto mwenyewe. Kwa mtoto wa mlango, mzazi humwambia mchana, akiwa ametulia: "Najua inakutisha sana, na najua utaiweza. Kuanzia leo nitajibu mara moja tu." Kisha anatimiza.

Rudia kupima baada ya mwezi. Mwanzoni mara nyingi jumla hushuka huku swali la 11 hadi 13 likipanda: mtoto analia zaidi, anapiga mlango teke. Mzazi aelezwe hili kabla ya usiku wa kwanza, kwa sababu akikubali kujibu baada ya nusu saa ya kilio, kesho kilio kitaanzia hapo. Mtoto akitishia kujidhuru, aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo.