Kwenye meli ya matanga anayeona wanyama wengi ni mmenya viazi

Kila anayejua niko baharini anauliza swali hilo hilo, umeona nyangumi? Jamani, muda mwingi hapa huoni kitu. Unaona maji, halafu unaona kamba. Kamba ni nyingi balaa, kila moja ina jina lake na mahali pake pa kufungwa, na usiku unatakiwa uipate kwa kupapasa tu maana macho yakishazoea giza hakuna anayetaka kumulikwa na tochi.

Maisha yanakwenda kwa zamu. Masaa manne kazini, manane mapumziko, halafu tena, usiku na mchana, na Jumapili haipo. Kwenye hayo manne unashika usukani kidogo, unakaa omo, yaani mbele ya chombo, kuangalia tunakokwenda, unazunguka kukagua kamba zisije zikasuguana zikalika, na ukionekana umetulia serahangi, msimamizi wa mabaharia, anakutafutia kitu cha kusugua. Mapumziko nayo ni jina tu, unakula, unafua, unalala umejibana na mto ubavuni kwa sababu chombo kimelalia upande mmoja tangu juzi na kitabaki hivyo mpaka upepo ugeuke. Kuoga ni ndoo ya maji ya bahari, kisha kikombe cha maji matamu kusuuza chumvi, basi.

Karibu na usukani kuna daftari limefungwa kwa uzi, ukiona kiumbe unaandika saa, mahali tulipo na ulichokiona. Nilikaa nikalipitia lote, nikakuta anayeongoza kwa mbali ni mpishi. Si nahodha, wala si yule jamaa wa kamera yenye lenzi ndefu ambaye akitoka nje ni dakika kumi tu karudi ndani kuangalia picha. Mpishi kila alasiri anabeba beseni lake anakaa tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye kivuli cha tanga, anamenya viazi, mikono inafanya kazi yenyewe na macho hayana pengine pa kwenda zaidi ya majini. Hiyo ndo siri yote, kukaa sehemu moja muda mrefu unafanya kitu cha kuchosha.

Kwenye maji ya joto tulikuwa na panzi kila siku, hawa samaki wanaoruka. Wanachomoka kundi zima wakikimbia samaki wakubwa walio chini, wanatandaza mapezi wanateleza hewani, wakianza kushuka wanachapa maji kwa mkia wanapata kasi tena, na mmoja anaweza kukaa juu hata sekunde 40. Usiku wanatua sitahani, ukifagia asubuhi unawakuta wamekauka kwenye kona. Niliokota mmoja bado anahema, jicho kubwa lisilolingana na kichwa, mgongo wa buluu iliyokolea, nikamkunjua pezi kwa kidole na lilikuwa angavu kiasi kwamba niliona ukucha wangu upande wa pili. Nikamtupa majini akaenda zake, ila magamba yake yalinigandia kiganjani mpaka mchana. Waliokufa mpishi anawakaanga, miba kibao lakini sahani zinarudi tupu.

Pomboo hata siwaelezi sana, kila mtu kashawaona kwenye video, wanakuja kubebwa na maji yanayosukumwa na omo halafu wakichoka wanaondoka. Ila waone usiku! Maji yana vijidudu vidogo mno vinavyotoa mwanga vikivurugwa, kwa hiyo pomboo mwenyewe humuoni, unachoona ni mistari ya kijani inakuja kasi kutoka pembeni, inapinda, inapita chini ya chombo inatokea upande wa pili. Hapo hata waliolala walipanda juu na chupi.

Na huyo nyangumi mnayemuulizia, sikumuona kwanza, nilimsikia. Hapo ndo faida ya tanga, mashine imezimwa, unasikia mtu anakohoa omo na wewe uko tezi. Alfajiri ikasikika pumzi moja nzito, kimya, halafu nyingine. Kulipokucha vizuri tukaona mvuke unatoka kwa kuinamia mbele upande wa kushoto, na huo ndio utambulisho wa yule nyangumi mwenye meno, wa kichwa kikubwa cha pembe nne, maana tundu lake la pua liko kushoto mwa kichwa na si katikati. Alilala tu juu ya maji anavuta hewa, akainua mkia, akazama. Hawa wanashuka zaidi ya kilomita moja kutafuta ngisi na wanaweza kukaa huko dakika 45 au zaidi, na sisi upepo haungoji, hatukumuona tena.

Kusini zaidi baridi ikaanza, panzi wakaisha, wakaja albatrosi, ndege wa baharini. Mabawa ya wale wakubwa kabisa yanafika mita 3.5 ncha kwa ncha, na begani wana mshipa unaofunga bawa likishatandazwa kwa hiyo hawatumii nguvu kulishikilia. Nilimfuatilia mmoja karibu zamu nzima huku nikishika usukani (nahodha asisome hapa), sikumuona akipiga bawa, anashuka mpaka karibu aguse wimbi, anageuka, anapandishwa na upepo, anarudi. Mimi nilikuwa nimevaa nguo zangu zote natetemeka.

Kitu cha mwisho kuingia kwenye daftari kimetuletea ugomvi. Ni kreti ya plastiki inaelea, chini imejaa viumbe wadogo wa magamba walioning'inia kwa vishina, na kivulini mwake kuna samaki wenye milia wanaizunguka wala hawaiachi. Wengine wakasema iandikwe kwenye ukurasa wa wanyama, serahangi akasema ni taka na ina ukurasa wake. Imeandikwa kote kuwili, na aliyeiona, bila shaka mshamjua.