Picha za ukoloni zilizopigwa kwa ajili ya taa ya kuonyeshea ukutani

Miongoni mwa nakala za picha za enzi za ukoloni ambazo nimekuwa nikizikusanya, kundi linalonishughulisha kuliko mengine yote ni lile la picha zilizotengenezwa juu ya vioo ili zionyeshwe ukutani kwa taa, mbele ya wanafunzi au waumini waliokaa gizani, huku mhadhiri akisoma maelezo yaliyoandaliwa mapema. Siku hizi picha hizo husambazwa mtandaoni moja moja, bila neno lolote kuhusu mahali zilipotoka, nasi tunaziangalia kwa hamu ya kuona sura za mababu zetu. Hamu hiyo naielewa na ninayo mimi mwenyewe. Hata hivyo, nimeshawishika kwamba picha ya taa iliyotengwa na mhadhara wake ni nusu ya ushahidi, na kwamba anayezikusanya ana wajibu wa kuitafuta ile nusu nyingine kwa bidii ileile.

Kwanza tukitazame kioo chenyewe. Kile cha Kiingereza kilikuwa mraba wa inchi 3¼ kila upande, yaani zaidi kidogo ya sentimita 8. Picha ilichapwa juu ya kioo kimoja, ikafunikwa kwa kioo cha pili, kisha kingo zote zikazungushiwa utepe mwembamba wa karatasi nyeusi. Kwa kuwa lenzi hupindua taswira, kioo kiliingizwa ndani ya taa kichwa chini, na mara nyingi kilitiwa vidoa vyeupe pembeni ili mwendesha taa asikosee gizani. Katika chumba kidogo mwanga ulitoka kwenye taa ya mafuta. Katika kumbi kubwa, mwali wa gesi za oksijeni na hidrojeni ulielekezwa kwenye kipande cha chokaa mpaka kikang'aa kwa mwanga mkali mweupe, na baadaye umeme ukashika nafasi hiyo. Rangi, pale zilipokuwapo, zilipakwa kwa mkono kwa brashi nyembamba, aghalabu na mtu ambaye hakuwahi kuiona nchi iliyopigwa picha. Kwa hiyo ukiona kilemba chekundu au shuka la buluu katika kioo cha namna hiyo, usikimbilie kuandika kwamba ndiyo yaliyokuwa mavazi ya siku ile.

Mpango uliofikiriwa kwa kina kuliko mingine ninayoifahamu ulianza mwaka 1902, wakati Joseph Chamberlain akiwa waziri wa makoloni wa Uingereza. Wizara yake iliunda kamati ya kufundisha kwa picha, kufuatia wazo la Michael Sadler, aliyekuwa ofisa wa elimu. Jambo linalosahaulika ni kwamba mihadhara ya kwanza haikuwahusu watu wa makoloni hata kidogo. Mwanajiografia Halford Mackinder aliandika mihadhara saba kuhusu Uingereza yenyewe, ili watoto wa shule katika makoloni ya Asia waonyeshwe nchi iliyowatawala. Baadaye ndipo taa ikageuzwa upande wa pili, na watoto wa Uingereza wakaanza kuonyeshwa makoloni.

Kwa kazi hiyo ya pili kamati ilimwajiri mchoraji, Alfred Hugh Fisher, ambaye kati ya mwaka 1907 na 1910 alisafiri katika sehemu kubwa ya dola ya Kiingereza akipiga picha na kuchora: India, Burma, Ceylon, Aden, Somalia ya Kiingereza, Cyprus, Kanada, Hong Kong, Australia, Fiji na kwingineko. Hakuachwa apige chochote kilichompendeza. Mackinder alimwelekeza atafute mambo ya aina mbili: yale ya asili ya nchi na watu wake, na yale yaliyoongezwa juu yake na utawala wa Kiingereza.

Maelekezo hayo ndiyo ufunguo wa mkusanyiko wote. Kabla Fisher hajafungua kamera yake, dunia ilikuwa imekwisha kugawanywa mara mbili. Upande mmoja aliwekwa mwenyeji na hekalu lake, soko lake, mtumbwi wake na jembe lake, kana kwamba hakuna kilichobadilika tangu zamani. Upande mwingine iliwekwa reli, daraja la chuma, bandari, shule na gwaride la askari. Kijana mwenyeji aliyekuwa karani, mwenye duka aliyekuwa na biashara ya kuvuka bahari, mwanachuoni aliyekuwa na maktaba yake, hao hawakupata mahali pazuri pa kukaa katika mgawanyo huo. Vioo vilipoonyeshwa kwa kufuatana, soko kwanza na kituo cha reli baadaye, mpangilio wenyewe ulikwisha kujenga hoja. Mihadhara minane ya Mackinder kuhusu India ilichapishwa mwaka 1910 kwa matumizi hayo, na aliyebahatika kuisoma sambamba na picha za Fisher ataona kwamba mara nyingi sentensi ndiyo iliyotangulia na picha ikatafutwa ili kuitumikia. Picha za Fisher zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge.

Jina la Mackinder si geni kwetu. Yeye ndiye aliyeongoza msafara wa mwaka 1899 uliofika kilele cha Batian cha Mlima Kenya, tarehe 13 Septemba, pamoja na waongozaji wawili kutoka milima ya Alpi huko Ulaya, César Ollier na Joseph Brocherel. Msafara huo ulikuwa na Waswahili 66 na Wakikuyu 96, waliobeba mizigo iliyouwezesha kusonga mbele. Vilele vikapewa majina, wageni wakakumbukwa kwa majina, nao wapagazi wakabaki idadi. Mtu aliyezoea kuwahesabu watu kwa namna hiyo ndiye aliyekuja kuamua mtoto wa shule aone nini kuhusu makoloni, na kwangu mimi mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Katika pwani yetu picha zilipita njia nyingine. Hapa palikuwa na wapiga picha wa biashara: A. C. Gomes alikuwa na studio Zanzibar, William D. Young alipiga picha za ujenzi wa Reli ya Uganda, na Walther Dobbertin alifanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Picha moja ya studio iliweza kuuzwa kama kadi ya posta, ikabandikwa katika albamu ya ofisa, na hatimaye ikachapwa juu ya kioo, kila mara kwa maelezo tofauti. Chama cha kikoloni cha Ujerumani kilikuwa na hazina ya vioo vya kuazimisha kwa matawi yake, na mkusanyiko wake mkubwa wa picha upo leo Frankfurt. Ukiangalia picha ya daraja la Reli ya Uganda, kumbuka kwamba walioijenga kuanzia mwaka 1896 walikuwa vibarua takriban 32,000 walioletwa kutoka India, na kwamba karibu 2,500 kati yao walikufa. Daraja likionyeshwa kama tunda la maendeleo, vifo hivyo hubaki nje ya fremu.

Taa hiyohiyo, hata hivyo, iliweza kumgeukia mtawala. Mwaka 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa huko Kongo, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aitwaye Nsala akiwa ameketi akiutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni iliyovuna utomvu wa mpira. Alice na mumewe John waliizungusha picha hiyo na nyinginezo katika kumbi za Uingereza na Marekani, wakaonyesha mbele ya umati kile ambacho Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi, alikuwa akikikanusha, na mwaka 1908 mfalme huyo alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini mihadhara hiyo nayo ina maneno yake ya kusomwa kwa makini, kwa sababu ilidai Kongo itawaliwe vizuri zaidi, na wazo kwamba Wakongo wajitawale wenyewe halikuwamo. Inafaa pia kutambua kwamba Nsala na Boali tunawajua kwa majina kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejali kuyaandika.

Ndiyo maana katika daftari langu kila picha ina ukurasa wake. Naandika namba iliyobandikwa juu ya kioo, jina la kampuni iliyokitengeneza, kichwa cha mhadhara kilimokuwa na nafasi yake katika mfuatano, kisha nanukuu maneno yaliyosomwa kilipoonyeshwa, hata yanapokuwa ya dharau. Upande wa kulia naacha nafasi ya maelezo ya watu wa mahali husika: jina la kijiji kama wenyewe wanavyolitamka, aina ya chombo, msimu unaotambulika kwa shamba lilivyo, ukoo unaotambulika kwa sura au kwa mapambo. Wazee hutambua mengi ambayo maktaba za Ulaya zimeyaandika kwa maneno matatu tu. Ninapozionyesha picha hizi kwa vijana, husoma kwanza maneno ya mhadhiri wa zamani, kisha nawauliza ni nani ameachwa nje ya picha, na mjadala hauhitaji kusukumwa tena.

Kama una vioo vya namna hii nyumbani, pengine vilivyoachwa na babu aliyefanya kazi misheni au bomani, tafadhali usivioshe kwa maji wala sabuni, kwa kuwa picha imeshikwa na utando wa jelatini unaolainika na kubanduka ukilowa. Vishike kwa kingo, vifunge kimoja kimoja katika karatasi safi isiyo na asidi, kisha visimamishe wima katika sanduku imara mahali pakavu, wala usivilaze kimoja juu ya kingine. Kabla ya yote, vipige picha mbele na nyuma, pamoja na lebo, mwandiko wa penseli na hata sanduku lenyewe, na ukikuta kijitabu cha mhadhara ndani yake, usikubali kitenganishwe na vioo hivyo hata mnunuzi akitaka vioo peke yake.